Paa la Magari ya Stima

Kitale ilikuwa na nafasi moja tu ya kuchajia gari la stima, nayo ilikuwa katika uwanja wa hoteli moja kando ya mji. Ilipakwa rangi ya kijani, ikawekewa bango lenye picha ya gari na radi, halafu ikaezekwa paa jipya, zuri kuliko mapaa ya nyumba nyingi nilizolala. Katika mji ambako mvua ya alasiri haimkosi mtu, paa lile lilimfaa kila mmoja isipokuwa aliyejengewa. Nimewahi kuona pale gari la maharusi, lori la soda, hata trekta yenye matope ya shambani, imetulia chini ya picha ya radi kama mgeni wa heshima. Gari la stima sikuwa nimeliona pale hata siku moja, mpaka kaka yangu alipokuja na lake kutoka Nairobi.

Kaka yangu alikuwa na mchumba Bungoma, na mchumba alikuwa na baba. Baba huyo aliendesha malori ya mafuta ujana wake wote, na kwake petroli haikuwa bidhaa, ilikuwa imani. Aliposikia habari za gari lile alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Gari ya kuchajiwa kama simu? Basi kuja nayo siku ya kujitambulisha. Ikifika, tutaongea. Ukikuja na matatu, msichana akae kwanza."

Huenda ulikuwa utani. Kaka aliuchukua kama sharti la ndoa. Mimi, niliyekuwa naandika riwaya yangu ya kwanza na kujiona na deni la machozi kwa kila mti uliokatwa nchini, nilimwambia tutaingia Bungoma kimya kama umande.

Siku yenyewe ilipofika, mtaa wetu haukuwa na stima. Transfoma ilikuwa imelipuka jioni iliyotangulia, gari likalala na njaa. Wazee wetu walitangulia asubuhi kwa matatu ya kukodi. Mjomba alitoa kichwa dirishani akasema, "Sisi tutawapelekea salamu zenu." Betri iliyobaki ingetufikisha Misikhu tu, kabla ya Bungoma, ituache pale sokoni tukinunua ndizi.

Tukaenda hotelini. Chini ya paa palikuwa na pikapu kuukuu iliyobeba magunia ya mahindi.

"Nilimwambia, siste," soja wa hoteli alijitetea kabla sijafungua mdomo. "Nilimwambia hii ni ya gari ya stima. Akaniuliza, kwani iko wapi?"

Mwenye pikapu alikuwa mama wa makamo kutoka Naitiri, amevaa gambuti na sweta ya kanisani. Alikuwa anangoja lango la kinu cha unga lifunguliwe baada ya chakula cha mchana. Nilimwamkia, nikamweleza sharti la yule mzee wa Bungoma, nikamwomba atupishe.

"Wiki jana walinirudisha, ati mahindi yangu iko na maji," akasema. "Nimeanika tena mpaka mgongo umekauka pamoja nayo. Na turubai yangu imeoza. Ikinyeshewa leo, watoto watarudi shule na nini?"

Hapo ndipo nilipomhubiria. Nilimweleza habari za moshi na za Mlima Elgon unaovuliwa misitu yake kama mtu anayevuliwa shuka usingizini. Nikamweleza mvua zinazokuja wakati wa kuvuna kwa sababu ya magari kama lile lake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hii mvua nimeleta mimi?"

"Si wewe peke yako, mama."

"Basi niache niikimbie."

Soja aligeuka akacheka ukutani. Radi ya kweli ikanguruma upande wa mlimani, na kaka yangu, katika shati lake jeupe la kwenda kuomba mke, akakaa juu ya ukingo wa saruji kama aliyefiwa. Kisha akasimama.

"Mama, tufanye hivi. Mahindi iingie kwa gari yangu. Yangu ikae chini ya paa, pikapu yako ndiyo inyeshewe."

Mama alilizunguka lile gari mara kadhaa. Akachungulia ndani, akagusa kiti.

"Na hiyo stima haitageuza mahindi yangu bisi?"

"Haitageuza, mama."

Tulibeba, yeye na kaka na soja na mimi. Magunia yalijaza buti na viti vya nyuma, na moja likakaa mbele, wima, tukalifunga mkanda. Matone ya kwanza yalitukuta tukifunga milango. Mama alikataa kuyaacha mahindi yake na watu wasiojulikana, kwa hiyo aliingia kwenye kiti cha dereva, waya ukachomekwa, na muda si muda alikuwa amelala mdomo wazi ndani ya kesho niliyokuwa nikimhubiria. Sisi tulijibanza kwenye kibanda cha soja, vumbi la mahindi mabegani mwetu.

Mvua ilipokatika, na betri imeshiba kiasi cha kutosha, tulimpakilia magunia yake makavu. "Mwambieni huyo mzee nimelala ndani na sijakufa," akasema, akaondoka kwa moshi mweusi.

Tulipita Misikhu bila kununua ndizi. Bungoma, yule mzee alikuwa amesimama langoni kwake, ametega sikio barabarani akingoja mngurumo. Tulifika nyuma yake asijue. Kaka alipopiga honi, mzee aliruka.

Hakusema karibu. Alifungua mlango, akainama, akaokota punje zilizosambaa kitini.

"Hii ni nini?"

"Mahindi, mzee. Tulibebea mama mmoja."

"Mlibeba mahindi na hii?"

Akatia punje moja mdomoni, akaivunja kwa jino, akasikiliza mlio wake. "Imekauka," akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kwenye simu.

Akatutangulia uani. Kwenye dirisha la jikoni ulining'inia waya mwekundu wa ekstensheni, mpya, ungali na karatasi ya dukani. Chini yake, kivulini, lilikuwa limeegeshwa gari la pasta wa kanisa lao.

"Pasta!" mzee aliita kuelekea sebuleni, walikokaa wazee wetu. "Hapo si nilikuwa nimeziba na kiti? Kuja utoe gari yako bana, hapo ni pa gari ya stima!"

"Kwani iko wapi?" pasta akauliza kutoka ndani.

Mzee alimtazama kaka yangu, shati lake lenye vumbi la mahindi, kisha akatazama kando.

"Si ndiyo hii," akasema. "Imefika."