Chembe za Unyayoni

Miaka ile ya Mwingereza kazi yangu ilikuwa ndui. Nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari wa serikali, na kwa kuwa niliugua ndui utotoni nikapona, ugonjwa ule haukunitisha tena. Kila ulipozuka, iwe milimani Umatengo au huku chini ziwani, nilitumwa mimi. Nilichanja wazima, kisha nikahamia kwenye banda la wagonjwa waliotengwa, nikakaa nao mpaka wa mwisho aende kwao.

Safari moja, juu ya Ngumbo, wa mwisho alikuwa mama wa makamo. Homa ilikuwa imekwisha na magamba ya usoni yamedondoka. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na siku hiyohiyo angechukuliwa kwenda kwa mumewe, milimani, mwendo wa siku mbili.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia Alhamisi asubuhi.

“Marahaba, mwanangu. Leo naondoka?”

“Tuangalie nyayo kwanza.”

Hapo ndipo wengi walipokosea, nami sikuwalaumu. Uso ukisafika, mtu hujiona amepona. Lakini aliyetembea peku maisha yake yote ana ngozi nene unyayoni, na vipele vikikauka chini yake havina pa kutokea. Hubaki vimezama, vyeusi, vidogo kama punje za ulezi. Ugonjwa bado umo humo. Dawa yake ni uvumilivu tu: unalowesha miguu katika maji ya moto, ngozi ikilainika unachokoa chembe mojamoja kwa sindano iliyochemshwa.

Tulilowesha kutwa, na Ijumaa pia. Niliinama juu ya miguu yake mpaka shingo ikakakamaa, naye akanitania.

“Watu wanasema huna mke. Sasa nimejua kwa nini. Umeoa ndui.”

“Hata yeye hapiki, mama.”

Alicheka. Mguu wa kulia ukaisha. Jumamosi asubuhi, kisigino cha kushoto kilikuwa bado na chembe nne, ndani sana. Nilijaribu moja, damu ikatoka, nikaacha.

“Nitasimama nyuma kabisa kanisani,” alisema. “Sitamgusa mtu.”

“Watakugusa wao, mama. Wataimba, watakukumbatia. Na kuna watoto wachanga ambao sijawachanja.”

Akasema polepole, “Ungetaka, usingeziona.”

Alisema kweli. Hapakuwa na mwingine wa kuziona. Nilitazama kisigino kile kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, halafu nikamwambia haendi.

Kengele ikalia. Baadaye tukasikia vigelegele, vikawa vikubwa, kisha vikaanza kupanda mlima kwa njia ya mbali, ile isiyopita karibu nasi. Alikaa ameipa njia mgongo. Siku tatu hakunisemesha. Asubuhi nilimwekea beseni la maji ya moto, naye akaingiza mguu bila neno.

Chembe ya mwisho ilitoka Jumanne. Alioga kwa maji ya dawa, tukachoma nguo na mkeka wake, akavaa kaniki mpya niliyopewa kwa ajili yake. Hakuelekea nyumbani. Alishika njia ya mlimani, ya kwa binti yake, akakanyaga kokoto na kuruka.

“Umenipa miguu ya mtoto wewe!”

“Itakomaa, mama. Nenda taratibu. Umepona, nakuhakikishia.”

Alisimama, akanisubiri. “Sasa, hunisindikizi?”

Nilitaka sana. Kwetu mgeni haondoki peke yake. Unatembea naye kipande, mnaongea, ndipo unarudi. Lakini njia nzima watu walinijua.

“Wakituona pamoja, mama, watafunga milango. Watasema ndui imefika kwa bibi harusi.”

Nilitumaini atabisha. Aliwaza kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaenda. Nilibaki pale nikimwangalia akichagua mahali pa kukanyaga, mpaka miti ikamfunika, ndipo nikarudi kubomoa banda.