Dawa Isiyotaka Kusuguliwa

Kazini walimwita Bi Chembe, maana kutwa alikuwa akihangaika na chembe za dawa, azipasue mpaka ziwe ndogo kiasi cha kujipenyeza zenyewe ndani ya ngozi. Mfamasia hodari, mkaidi kama nini. Na usidhani alikuwa akitafuta sifa. Alikuwa akihangaikia mgongo wa mumewe.

Mume, fundi makochi, alijaa magamba mekundu kutoka shingoni hadi kiunoni. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, lakini nenda kawaambie watu! Wageni walimsalimia kwa mbali. Dawa ya zamani ilikuwa nzito, lazima mtu akusugue mpaka mikono imuume. Kila jioni mke alikunja mikono ya gauni akasugua, na yule bwana, ambaye mchana humtoi neno, chini ya viganja vile alifunguka: porojo za wateja, utani juu ya mama mkwe, hata machozi. Kwa mke, hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa.

Basi dawa mpya ikakubali. Ilikuwa ya kupuliza, na ngozi ikatakata. Jioni moja akakunja mikono kama kawaida.

"Acha tu, mke wangu," mume akasema. "Napuliza mwenyewe. Si ndivyo ulivyoitengeneza?"

Kimya kikahamia nyumbani. Mume akaanza kuvaa fulana hata zile jioni za kusuguliwa, akaanza kuchelewa kurudi. Siku moja mezani mke akashindwa kuvumilia.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Miaka yote nilikuwa nakushukuru, nikadhani ndiyo mapenzi. Nisamehe."

Akaondoka na begi moja. Mwingine angemrushia sahani, na angekuwa na haki. Yeye alikaa tu, moyo umempasuka.

Baada ya muda akaja mdogo wake mume, macho chini.

"Shemeji, kaka dawa imemwishia. Magamba yameanza kurudi."

Alimwambia aje kesho. Usiku kucha hakulala. Akikataa, mgongo utaharibika, watu watamkimbia tena, na huenda mume akarudi kwake. Alilitaka hilo, jamani, alilitaka mpaka likamtia aibu. Asubuhi akaenda maabara, akatengeneza chupa kubwa, akapima kila kitu kwa uangalifu uleule.

Shemeji alipokuja akamkabidhi, akafunga mlango, akalia kwa sauti. Alijua dawa ile itafanya kazi.