Kitambaa chenye Shanga

Nilipochaguliwa kuwaongoza akina mama wa kanisa letu pale Kitengela, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, jambo la kwanza nililolikazania ni sare. Wengi wetu tulitoka Ukambani na upande wa Mlima Kenya, wake wa wachimba mawe na wenye maduka, na bila sare kila mtu alikaa na watu wa kwao. Kitambaa cha kichwa cha zambarau, pindo jeupe, basi. Mmoja tu alinikaidi. Alikuwa Mmaasai pekee katika kundi letu, na boma lake lilikuwa karibu na barabara ya Namanga. Alishona shanga nyekundu na za bluu kuzunguka pindo lote. Nikamwambia sare ni sare. Akacheka, akaniita mama kwa Kimaasai.

"Yeyo, sasa Mungu atanijua aje kati ya hawa wote?"

Nikanuna siku mbili tatu, kisha nikamwacha na shanga zake.

Mwaka uliofuata mchungaji alitangaza kwamba Mungu ametuonyesha kiwanja cha kujenga kanisa la mawe. Akatutaka akina mama tukakizunguke mara saba, kama Yeriko, ili kila pingamizi lianguke. Wanaume wa kanisa letu walikuwa hodari wa kupanga. Kutembea juani ilikuwa kazi yetu.

Tulienda na chupa ya mafuta ya kupaka kwenye bikoni, yale mawe ya saruji ya wapima ardhi. Mzee wa kanisa aliyetuongoza njia akatusimamisha, akatuonyesha mipaka kwa fimbo. Bikoni moja ilikuwa imechimbiwa nyuma ya zizi la mbuzi, saruji yake bado mbichi. Zizi lile nililijua. Kabla sijauliza kitu, yule mama wa shanga akatoka nyumbani kwake, kitambaa kichwani, uso umejaa furaha.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Mmekuja kuombea boma yangu na hamkuniambia? Si ningeweka chai mapema."

Akaingia katikati yetu. Aliizunguka nyumba yake mwenyewe akiimba na kupiga makofi, sauti yake ikizidi zetu zote. Nilikuwa nasikia baridi, na jua lilikuwa la utosi.

Wenzangu walipoondoka nilibaki nikamweleza: bikoni hizi ni za kanisa, mume wako anauza. Hakulia. Alitazama mafuta yakichuruzika kwenye saruji.

"Na watoto wangu watalala wapi?"

Siku hizo shamba la familia halikuuzwa mpaka mume na mke wafike mbele ya bodi ya ardhi, Kajiado, na mke aulizwe kama amekubali. Nikamwambia neno lake moja linatosha kuokoa nyumba, na kwamba nitaenda naye. Sijui habari ilifikaje kwa mchungaji. Yeye alikuwa mtu wa kupaza sauti hata akiomba chumvi mezani. Aliponiita ofisini aliongea polepole, karibu kunong'ona.

"Mama, usiingilie nyumba ya watu. Hii kazi ni ya Mungu."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kajiado tulifika mapema. Mama wa shanga alipoulizwa, alisimama, akashika pindo la kitambaa chake, akasema, "Nyumba yangu iko hapo. Mimi sijakubali." Mwenyekiti wa bodi akaahirisha shauri. Mume wake hakugomba. Alimfungulia mlango wa pikapu taratibu, kama anayempokea mgeni wa heshima, akaufunga taratibu vilevile. Heri angegomba.

Jumapili hiyo hakuja kanisani, wala iliyofuata. Nilipokwenda kumwona, mume wake alinikuta langoni.

"Huyu hana kanisa sasa. Hiyo kitambaa yenu nitawarudishia mwenyewe."

Hakukirudisha. Kanisani baadhi ya akina mama waliacha kunisalimia, maana walishaanza kuota kanisa la mawe. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona. Sikujua tu mvua itanyesha upande gani.

Kisha nikasikia shauri limerudishwa mbele ya bodi. Nikaenda Kajiado peke yangu, nia yangu awe na mtu wa kumtazama akijibu. Nilikaa benchi la nyuma. Mchungaji alikuwa mbele. Walipoitwa, mume aliingia na mwanamke aliyeinamisha kichwa, kitambaa cha zambarau kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Niliona shanga nyekundu na bluu, nikashusha pumzi. Angalau ameletwa, nikajiambia.

Mwenyekiti alikitazama kile kitambaa, akaitikia kwa kichwa kama anayemkumbuka aliyekivaa mara ya kwanza.

"Mama, sasa umekubali?"

"Nimekubali."

Sauti haikuwa yake. Alipogeuka kwenda kuketi niliuona uso, na sikuwahi kuuona popote.

Nikasimama. Nikasema huyo si mke wake, mke wake yuko nyumbani. Mwenyekiti akauliza mimi ni nani katika shauri hili. Kabla sijajibu, mchungaji alishainuka.

"Ni mama wa kanisa letu. Amekuwa na shida kidogo siku hizi. Tunamwombea."

Watu wakanitazama kwa huruma. Karani akagonga muhuri.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja mpaka bomani. Mume alikuwa bado Kajiado, na lango lilikuwa wazi. Nilimkuta mama wa shanga akikandika ukuta wa nyumba, samadi mpaka viwikoni, kwa sababu mawingu yalishajikusanya na alitaka kumaliza kabla ya mvua. Aliponiona alifurahi sana, akaanza kujifuta mikono kwa majani.

"Yeyo," akasema, "mzee wangu aliniambia amekupelekea kitambaa yangu. Umekuja nayo?"