Nyumba Yetu ya Wingwi na Eda ya Bi Mize

Tuliondoka Unguja kwa sababu simu ya Mzee Faki haikuwa ikipatikana. Baba angekwambia tunakwenda kupumzika, na kweli tulifungasha mashuka, vyandarua na jiko jipya la gesi ndani ya boksi lake. Lakini kwa karibu miezi miwili alikuwa akiipiga namba ile bila ya kupata mtu. Mzee Faki na mkewe, Bi Mize, ndio waliokuwa wakituangalizia nyumba yetu ya Wingwi, kaskazini mwa Pemba. Baba aliijenga chini ya vilima, katika kijiji alikozaliwa bibi yake, ili familia iwe na pa kupumzikia. Ilikuwa na miaka miwili na tulikuwa hatujawahi kulala humo hata siku moja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nilishauliza zaidi ya mara moja kwa nini mtu ajenge nyumba asiyoikaa.

"Wewe Zuhura, chuo wamekufundisha ubishi," Baba alinijibu.

Saa nne asubuhi, Mkoani. Tulishuka botini tukapakia mizigo kwenye gari ya kukodi. Mama alikaa mbele kwa ajili ya kichefuchefu. Tulipofika Gombani tulisimama kununua maji na mkate, na Baba, akiutazama uwanja wa mpira kana kwamba ndio uliomkosea, akaanza kumsema Mzee Faki.

"Ile nyumba keshaifanya yake. Mtaona. Kaizima simu makusudi."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Kula mkate."

Baada ya Konde. Tulipoiacha lami, gari ilikwenda polepole, ikiyumba kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha njiani. Migomba, mihogo, ng'ombe aliyefungwa kwenye mnazi, kisha vilima, kijani mpaka juu. Nilikiri kimoyomoyo kwamba Baba alichagua pahala pazuri.

Adhuhuri, nyumbani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu. Jozi sita au saba za ndara za kike zilipangwa mlangoni, na moshi ulitoka jikoni kwetu. Baba alishuka kabla gari haijasimama vizuri, akaukamata mlango.

"We! We mwanamme! Usiingie humo!"

Mwanamke wa makamo alitoka mbio jikoni, upawa mkononi. Alikuwa jirani, Bi Riziki.

"Hii nyumba yangu," Baba alisema.

"Naijua ni yako. Mna eda ndani."

"Eda ya nani?"

"Ya Mize. Faki kafa, baba. Leo siku ya hamsini na mbili."

Baba alirudi nyuma, akakaa juu ya boksi la jiko la gesi ambalo dereva alikuwa keshalishusha. Nilisikia tu chungu kikitokota.

Mengine aliyasimulia Bi Riziki akiwa amesimama pale pale. Mzee Faki na mkewe walikuwa wakilala kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba. Masika yalipoanza banda likavuja, na mzee akawa anaumwa kifua. Bi Mize akafungua nyumba akamwingiza ndani, na humo ndimo alimofia, chumba cha Baba, juu ya godoro ambalo hata nailoni yake haijatolewa.

"Bila ya kuniambia?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Faki kakupigia siku tatu kuomba ruhusa. Hukupokea. Tena simu ilizimika, na kuiwasha ina namba ya siri, aliyeijua ni yeye, na keshakwenda nayo. Tungekwambia kwa lipi?"

Nilimtazama Baba. Hakunitazama.

Bi Riziki akaendelea. Shehe alisema Bi Mize akae eda yake hapo hapo alipofiliwa na mumewe, miezi minne na siku kumi, asitoke wala asionwe na mwanamme wa kando. Lakini nyumba ni ya mtu, na mwenyewe akiitaka itabidi ahame. "Basi kila akisikia gari hufunga furushi lake," alisema. "Hata gari ya magogo."

Mimi na Mama tuliingia. Bi Mize alikuwa ameketi mkekani, kazungukwa na wanawake wa jirani, mwembamba, nguo nyeupe mpaka kichwani. Furushi lilikuwa tayari limefungwa, liko pembeni yake. Tukampa mkono wa pole. Nje, Baba alihamia barazani chini ya dirisha, akaniita.

"Zuhura, mwambie namwambia pole sana. Mwambie tuko wiki moja tu. Si angekwenda kwa mwanawe Konde, halafu akarudi?"

Sikuamini. Nimebishana na Baba maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilimwacha pale dirishani. Nilimgeukia Bi Mize.

"Baba anakwambia pole sana."

"Na jengine?"

"Hakuna jengine."

"Mwanangu, dirisha li wazi." Akainuka, akaliokota furushi.

Mama, ambaye tangu Mkoani hakusema zaidi ya maneno kumi, alimpokonya furushi lile, akakaa nalo sakafuni, akaanza kulifungua fundo kwa meno. Kisha akalielekea dirisha.

"Baba Zuhura! Mimi na mwanao tunalala humu na Bi Mize. Weye tafuta pa kulala."

Baba akauliza kutoka nje: "Wapi?"

"Banda lipo!" Bi Riziki alijibu kutoka jikoni. "Lina hewa nzuri. Hata nyota zinaingia."

Siku ya pili, alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilimkuta Baba bandani amekaa kwenye pembe moja, boksi la jiko amelikata na kujifunika kichwani. Nilicheka, kisha nikaona analia, nikarudi ndani. Ilipofika saa tatu alikuwa juu ya paa na wanaume wawili wa kijijini, akifundishwa kufunga makuti.

Siku ya nne. Nilikuwa namenya muhogo na Bi Mize, na swali likanitoka.

"Bibi, huoni ni kukufunga? Siku mia na thelathini ndani, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa?"

Nilitarajia karipio. Aliendelea kumenya.

"Kuchoka nachoka. Jua nalitamani. Lakini hizi siku bado miye nke wa Faki. Zikesha, mimi mjane kama wajane wengine. Ungekuwa weye, ungezifupisha?"

Nilijikata kidole.

Siku ya saba, kuondoka. Baba alinipa ufunguo, nimwambie Bi Mize akae hata baada ya eda, muda wowote atakao. Bi Mize alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwambie ahsante. Eda ikesha nakwenda kwa mwanangu Konde. Hino nyumba niliihitaji kwa siku hizi tu."

Botini, kurudi Unguja. Nilikwenda Pemba na maswali mengi, na wiki nzima niliyapeleka kwa mwanamke aliyefiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa ajabu machoni pangu. La Baba nilikuwa sijaliuliza. Nilikaa karibu naye.

"Kwa nini hukupokea simu?"

Aliitoa simu mfukoni, akaigeuzageuza mkononi.

"Nilidhani anataka bati la kuezekea lile banda," akasema.