Sauti ya Fundi Mabegi

Wifi yake alimwibia sauti. Hakuiba pochi wala mume, ambaye kwa kweli angempa bila kelele. Aliiba sauti, mchana kweupe, fundi mwenyewe akiwa kwenye cherehani yake, na mwizi akaondoka akiwa amekunywa chai ya nyumba hiyo hiyo.

Fundi anashona mabegi ya shule ya turubai katika chumba cha mbele, mlango wazi barabarani. Kusoma hakusoma, kwa hiyo risiti yake ilikuwa mdomo. Kila begi likitoka, alimwambia mnunuzi: "Likichanika, mimi nipo. Nirudishie, nalishona bure." Watu walicheka tu, maana walijua halichaniki. Kuna moja limesomesha ndugu watatu, kisha likastaafu, sasa linabeba vitunguu.

Wifi, dada wa mumewe, anauza vitu kwenye simu. Kucha zake ni ndefu hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano, lakini kioo cha simu anakidonoa kama kuku kwenye mtama. Siku hiyo alikuja ametabasamu mpaka magego.

"Wifi yangu kipenzi, dunia imehamia mtandaoni, wewe umebaki hapa unakula vumbi. Hebu sema yale maneno yako kwenye simu, nikutangaze."

"Maneno matupu?"

"Na picha yako. Halafu chini naweka linki. Mtu akibonyeza, anafika."

"Anafika wapi?"

"Si dukani! Nawe maswali utadhani polisi."

Duka la nani, hakusema. Fundi alijua duka moja tu duniani, hilo alilokalia. Akasafisha koo, akaapa kwenye simu kwa moyo wake wote.

Hata mwezi haukupita, mabegi yakaanza kumiminika. Hayakuwa ya turubai. Yalikuwa ya plastiki inayojifanya ngozi, yenye nembo ya twiga aliyevaa miwani, zipu zimeachama, mikanda imenyofoka. Mama mmoja akamtupia lake mezani.

"Haya, lishone. Bure, kama ulivyoahidi."

"Mama, hili si langu."

"Si lako? Na huyu anayeongea ni shangazi yangu?" Akabonyeza simu. Fundi akajisikia mwenyewe akiapa: likichanika, mimi nipo. Chini ya uso wake alikuwapo yule twiga na miwani yake.

Ungefanya nini? Akikataa, ni mwongo kwa mdomo wake mwenyewe. Akikubali, ni kijakazi wa twiga. Alishona, meno yameumana. Na barabara nzima ikasema fundi ameuza jina lake, siku hizi anauza karatasi zenye zipu.

Akamwendea wifi.

"Ile linki inapeleka watu wapi?"

"Kwa kampuni moja. Wakinunua kupitia kwangu napata kamisheni. Usinitolee macho, kila mtu anafanya."

"Na mdomo wangu unatafuta nini huko?"

"Ni chambo, wifi. Samaki hali ndoano tupu."

Mume alipoambiwa, alisema haingilii mambo ya wanawake. Akaingia uvunguni mwa gari lake bovu, mahali anapofanyia kazi ya kukimbia maneno.

Kisha akaja wakili wa kampuni, viatu vimechongoka kama sindano. Akauliza nani amempa fundi ruhusa ya kutumia twiga.

"Twiga wako nimemfahamu akiwa mgonjwa," fundi akasema, akamwonyesha rundo. "Wote hawa ni wanao. Karibu uwabebe."

Wakili akakohoa. "Mama, kuwaelekeza watu kwenye duka letu si kosa. Linki yeyote anaweza kuweka. Shida ni kubandika nembo yetu kana kwamba wewe ni wakala wetu, na kuahidi matengenezo ambayo sisi hatukuahidi. Tena mnunuzi hakuambiwa kwamba mwenye ukurasa wa tangazo hilo analipwa yeye akinunua."

"Mimi sijalipwa hata kifungo."

"Lakini sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi kwa aliyeisikia, ahadi ni yako."

Hapo fundi akajitwika lile rundo kichwani, akamwongoza wakili mpaka sebuleni kwa wifi, akalimwaga kwenye zulia jeupe.

"Ukurasa ni wa fundi," wifi akasema haraka. "Mimi namsaidia tu, hajui kusoma."

"Kama ni wangu, lete niufungue," fundi akasema. Akaweka kidole kwenye simu ya wifi, pale ukurasa unapodai kidole cha mwenyewe. Simu ikamkataa. Wakili akamwomba wifi naye ajaribu. Ikafunguka papo hapo, kwa adabu, kama mlango unaomjua mwenyewe.

Wifi akafuta yote palepale, twiga, picha, sauti na linki. Wakili akaridhika, akaaga. Shida ya kampuni ilikuwa nembo, nayo imeondoka. Jina la fundi halikuwa kwenye kazi aliyotumwa. Rundo hakuligusa.

"Haya, wifi, yameisha," wifi akasema.

"Umefuta simu. Masikio ya watu utayafuta na nini? Nenda palepale uliponitangaza, useme kwa sauti yako: nilichukua ahadi ya fundi nikaibandika kwenye mabegi yasiyo yake."

"We! Nitapoteza wafuasi wangu wote!"

Mpaka leo hajasema. Kila arusi wanakutana, wifi anamkumbatia kwa manukato mengi, anauliza habari za watoto, na sentensi inabaki kooni. Mteja mpya akija, kabla hajakaa, anauliza: "Hili ni la kwako kweli, au la yule twiga?"

Siku hizi fundi akimaliza begi analikabidhi kimya. Yale maneno yake hayatamki. Wifi ndiye anayedaiwa, na anadaiwa sentensi moja tu, isiyozidi pumzi aliyotumia siku ile kupozea chai.