Fundi Miwani na Picha ya Mkuyu

Tarehe 2 Februari 1981 fundi miwani alifungua duka lake kwenye ghorofa ya chini ya jengo la posta ya zamani, na leseni ya siku hiyo bado imetundikwa ukutani, juu ya mashine ya kusagia lenzi. Kila kitu kingine chake chenye thamani kimefichwa.

Kinachofichwa ni vitabu: vitabu vikubwa vya kale vya miti na mimea, vya enzi ambazo mchoraji alikaa mbele ya tawi akalichora jani kwa jani, kisha watu wengine wakatia rangi kila nakala kwa mkono. Anavyo kabati zima katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Kila kimoja kimevalishwa foronya safi. Mapazia hayafunguliwi, kwa sababu jua hula rangi, na ufunguo wa kabati hukaa shingoni mwake chini ya fulana. Majirani, ambao wameona foronya zikianikwa lakini hawajaona kitabu hata kimoja, wanamwita Mzee Foronya.

Mkewe ni fundi cherehani, na ndiye anayezishona. "Watoto wangu walilalia mito mitupu," husema. "Vitabu vinalala kama wageni wa heshima."

Anayeruhusiwa kuingia chumba hicho hunawa mikono, kisha hunyoosha viganja vikaguliwe. Mkwe wao alikaguliwa siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha. Fundi miwani haoni ubaya wowote. "Simshuku mtu," anasema. "Nashuku mikono."

Mikono pekee isiyokaguliwa ilikuwa ya fundi wa kujalidi vitabu, rafiki yake tangu ujana, ambaye mji mzima humwita Gundi. Kitabu kikilegea uzi au kikitobolewa na wadudu, hakikwenda kwingine. Fundi miwani alikibeba mwenyewe hadi kwenye karakana, akakiacha, akakifuata kilipokuwa tayari, akakivalisha foronya. Hapo kilipumzika. Kwani huyu ni mwenye vitabu wa aina yake: hapendi kuvifungua. Kila ukifungua, anasema, unakipunguzia kitabu maisha.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya jino.

Mwezi Mei daktari mpya wa meno alifungua kliniki ng'ambo ya barabara, na fundi miwani akaenda shavu likiwa limevimba. Katika chumba cha kusubiria, juu ya kiti cha tatu, palikuwa na picha ndani ya fremu: mkuyu mkubwa wenye mizizi iliyojitokeza juu ya ardhi, matunda yakiwa yameshikana na shina, rangi ya kijani iliyotiwa kwa brashi. Aliitambua papo hapo. Picha hiyo imo katika kitabu chake kikubwa kuliko vyote, alichokinunua kwa warithi wa afisa misitu mmoja. Au ilipaswa kuwamo.

"Hii mmeipata wapi?" alimuuliza binti wa mapokezi.

"Daktari alinunua mnadani, mzee wangu. Keti, utaitwa."

Hakuketi. Alirudi nyumbani na jino lake, akavuta foronya, akafungua kitabu. Ukurasa wa maelezo ya mkuyu ulikuwapo. Juu yake palikuwa na kivuli cha kahawia cha mti mzima, mzizi kwa mzizi, kama zinavyoacha picha za kale zikigandamana na karatasi miaka mingi. Picha yenyewe haikuwapo. Mahali pake palikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi, upana wa kidole kidogo, umesimama kwenye mshono.

"Wembe," alimwambia mkewe. "Amekata kwa wembe."

"Nani?"

"Nani amewahi kubaki peke yake na kitabu hiki? Gundi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguoni mwako kuna ufunguo na fulana iliyotoboka," mkewe alijibu. "Kamuulize kwanza mwenzako."

Hakumuuliza. Alitangulia kwa mwalimu mstaafu wa bayolojia, na kwa seremala mmoja anayekusanya vitabu vya mbao na magome. Hao wawili pamoja naye ndio wakusanyaji wa mji huo, na wote walipeleka vitabu kwa Gundi. Fundi miwani anasisitiza kwamba hakutamka neno mwizi. Aliwaambia tu wahesabu picha zao. Mwalimu anakumbuka zaidi: kwamba alishusha sauti, akafunga mlango kwanza, na kwamba alipoondoka alisema, "Lisemwalo lipo."

Ndipo akaenda karakana.

Karakana ya Gundi ni chumba kirefu chenye harufu ya wanga uliopikwa. Mchana huo mashine ya kubania vitabu ilikuwa tupu, na mezani palikuwa na vitabu vya stakabadhi tu, vinavyosubiri kushonwa migongo.

"Karibu, mzee mwenzangu. Leo mikono mitupu?"

"Nimekuja kuuliza. Picha ya mkuyu iko wapi?"

Gundi alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Swali hilo nimelisubiri miaka sita."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nikiri nini? Nimesubiri siku utakayofungua kitabu chako." Akaweka sindano chini. "Kilikuja hapa bila mkuyu, bwana. Huo ukanda nimeushona mimi, karatasi mpya, ili siku ukiipata picha yako tuwe na pa kuibandika. Ulipokinunua hukukikagua?"

Hakukikagua. Siku ile mwalimu na seremala nao walikuwa sebuleni kwa warithi, kila mmoja akinyemelea mali ileile. Fundi miwani alikishika kitabu kikiwa kimefungwa, akazungumzia hali ya hewa, akakinunua kabla mtu hajasoma hamu usoni mwake. Kukifungua kungetoboa siri yake.

"Kama ni kweli, mbona hukuniambia?"

"Ulikileta umekikumbatia kama mtoto ametoka wodini. Nikasema, atakifungua mwenyewe, ataona, atakuja hapa tucheke. Mwaka ukapita. Wa pili. Ikawa aibu kumwambia mtu kwamba najua havisomi vitabu vyake."

"Maneno matamu hayo."

"Basi niite mwizi. Lakini niite hapa, usiniite kwa mwalimu." Sauti ya Gundi ilibadilika. "Jana amechukua kitabu chake gundi ikiwa mbichi. Seremala amenitazama mikono kabla ya kunijibu salamu. Hao ndio kazi yangu. Hizi stakabadhi zinanilisha, lakini mimi si mshona stakabadhi. Umenimaliza, na hukunipa hata kiti cha mshtakiwa."

Fundi miwani aliondoka bila kuaga. Hakuamini. Karatasi mpya, alijiambia, hata mwizi anaweza kuishona. Na kivuli kile? Picha isiyokuwapo haiachi kivuli. Hakujiuliza kivuli hicho kilichukua miaka mingapi kupikika, wala kilianza lini.

Jioni alikirudia kitabu na lenzi yake ya kukuzia, akitafuta ushahidi wa kumfunga mtu. Aliupata. Kwenye kona ya juu, ukurasa ulio kabla ya ukanda ulikuwa na tundu la mdudu, dogo kama kichwa cha pini. Ukurasa ulio baada yake ulikuwa na tundu hilohilo, mahali palepale. Yote mawili Gundi alikuwa ameyaziba kwa karatasi nyembamba, miaka sita iliyopita.

"Mdudu haruki," alimwambia mkewe. Macho yalimng'aa. "Kama picha ilikuwamo Gundi alipokipokea, ilitobolewa. Nikilikuta tundu kwenye picha ya daktari, hana pa kujificha."

"Na usipolikuta?"

Alikivalisha kitabu foronya yake.

Asubuhi daktari wa meno, mwanamke kijana mwenye haraka, aliteremsha fremu kwa sharti moja: kwamba baada ya hapo mzee akae kwenye kiti cha jino. Picha ilitolewa kwenye kioo. Fundi miwani alinawa mikono. Aliipitisha lenzi kwenye kona ya juu, akaigeuza picha, akaipitisha tena lenzi. Akaomba aishike dhidi ya dirisha, kwani kiraka hata kiwe chembamba vipi huonekana mwanga ukitoka nyuma.

"Unatafuta nini, baba?"

"Tundu."

"Nami nashukuru halipo. Nilichagua safi."

Halikuwapo. Wala kiraka, wala rangi iliyofunika kiraka. Kona ilikuwa nzima kama siku ilipochapishwa. Ama picha hiyo ilitoka katika nakala nyingine ya kitabu kilekile, ambayo yeye hajawahi kuiona, ama ilikatwa kabla mdudu hajapita; vyovyote vile, haikupitia mikononi mwa Gundi. Juu ya Gundi hakubaki na ushahidi wowote, na maelezo yake yalisimama: mkuyu ulipotea kabla yake. Nani aliuchukua, kwa afisa misitu au kwa warithi wake, hajui.

Daktari aling'oa jino. Fundi miwani alirudi nyumbani na pamba mdomoni, akajaribu kumweleza mkewe kwamba huenda mdudu alipita pembeni.

"Sasa umebakiza kumshuku mdudu," mkewe alisema, bila kusimamisha cherehani. "Umemwaga maji mbele za watu, baba watoto. Nenda."

Alikwenda siku ya pili, akakuta mlango wa karakana wazi na Gundi akifungasha stakabadhi. Safari hii alipewa kigoda.

"Nimekosa," alisema.

"Nimesikia. Mwalimu amesikia?"

"Nitamwambia."

"Hapana. Mlango ulioufunga siku ile, utaufungua. Utasema mbele yao, nami nikiwa nimekaa hapo, na useme neno lenyewe ulilodai hukulitamka. Halafu nitaamua kama nitashika kitabu chako tena."

Fundi miwani aliomba angalau seremala asiwepo, kwa kuwa ana mdomo. Gundi alikataa: ndiyo maana anamtaka.

Wanakutana Jumapili saa nne asubuhi, nyumbani kwa mwalimu. Fundi miwani atakwenda na kitabu cha mkuyu, bila foronya, na atakifungua mbele yao wote kabla hajasema lolote.