Siku Mama Keji Alipoyatangaza Makalio Yangu Sokoni

Kusema kweli nilitaka haya yafe na mimi, lakini soko zima la Lurujo linayajua, kwa hiyo bora myasikie kutoka kwangu mwenyewe.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kutangaza tu. Daktari wa mifugo alikuja kuchanja mbwa wasipate kichaa, mimi nikapewa kipaza sauti niwaite watu, na niwaambie kwamba mtu akiumwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika kumi na tano kisha akimbilie hospitali (nililisema hilo asubuhi nzima, kwa sauti ya mtu anayejua). Sasa chini ya meza ya nyama kulikuwa na mbwa mwekundu asiye na mwenyewe, amelala, mate yanamtoka, na daktari akatukataza kumgusa mpaka alete wavu. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaona haifai mtangazaji mzima amwogope mbwa mgonjwa, nikainama nimsukume kwa fimbo, akatokea upande wa pili kimya kimya, akaniuma takoni.

Wakaniuliza kama ameniuma. Nikasema ameshika suruali tu. Nikafunga sweta kiunoni, nikaendelea kuhubiri habari za sabuni, huku damu inateremka mguuni.

Aliyeiona ni Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu pale. Alinisogelea taratibu.

"Damu yako iko kwa kiatu," akasema. "Wewe nadanganya nani?"

Nikamwomba aninyamazie. Badala yake akanipokonya kipaza sauti na kuwatangazia watu wote kwamba mutu ya mbwa ameumwa matako, na mwenye sabuni ailete haraka.

Zilikuja sabuni saba. Nilipelekwa kwenye pampu ya maji, akina mama wakanizungushia vitenge viwili, mmoja akapiga pampu, na mimi ndani nikajisugua, suruali ikiwa magotini, Mama Keji akisoma saa kwenye simu yake (nilipotaka kutoka, akanirudisha, bado dakika sita). Kisha akawaachia wenzake samaki wake, akapanda boda pamoja nami mpaka hospitali ya Koboko, chanjo ikawa imekwisha, na kutoka huko tukaenda Arua, ambako nilichomwa sindano za kwanza, nyingine palepale kwenye kidonda. Nilimwambia muuguzi nimeumwa mguuni. Mama Keji akamsahihisha.

Yule mbwa walimnasa kwa wavu, akafa siku ya pili. Nilikuwa bado sijamaliza sindano daktari aliponipigia simu: vipimo vimetoka, ni kichaa. Nilikaa kitandani kwa upande mmoja, nikalia.

Nilipopona nilikwenda kumshukuru Mama Keji, na kidogo nimlaumu kwa ile aibu. Akaendelea kupanga samaki wake.

"Ndugu yangu aliumwa na mbwa kule nyumbani," akasema. "Aliona haya, akaficha. Sisi tulijua siku alikataa maji, na huyo hakupona."

Nilimsaidia kupanga mpaka meza ikajaa.

Tangu hapo nimeapa, hata nikiumwa na kuku nitapiga kelele. Na nikipita Lurujo bado wapo wanaoniuliza kama sasa naweza kukaa. Nawajibu nakaa vizuri, na namshukuru Mungu, na yule mama, kwamba nipo wa kuulizwa.